Pakanga Imesingiziwa

Maadui wa absinthi na mashabiki wake wamegombana kwa zaidi ya miaka mia moja, na muda wote huo wamekuwa wakisema neno moja. Maadui walisema pombe hii inatia wazimu, kwa hiyo ipigwe marufuku. Mashabiki wa leo wanasema inatia wazimu, kwa hiyo inunuliwe. Nenda kwenye baa za watalii mjini Prague ukaone: chupa ya kijani kikali, mhudumu anawasha kiberiti, kibonge cha sukari kinawaka moto wa buluu, mnywaji anafumba macho na kumeza kwa mkupuo. Kisha anakaa kungoja maruweruwe. Hayaji, kwa sababu hayamo kwenye chupa na hayajawahi kuwamo.

Uongo huu unaniudhi kwa sababu unamsingizia pakanga, mmea unaoipa absinthi jina lake, na kumficha mhalifu. Mhalifu ni alkoholi, anayejulikana na kila hospitali duniani, na ambaye hahitaji msaada wa jani lolote ili aharibu ini na nyumba ya mtu. Unaniudhi pia kwa sababu umeifukia kazi ya mikono yenye ustadi mkubwa: absinthi iliyokenekwa kwa njia ya asili, kwa mimea mikavu, mtambo wa shaba na subira, ambayo hunywewa polepole ikiwa imechanganywa na maji mengi. Anayeinywa kwa ajili ya hatari hajaionja bado.

Tuitazame kesi iliyoimaliza absinthi. Tarehe 28 Agosti 1905, katika kijiji cha Commugny, jimbo la Vaud nchini Uswisi, kibarua aitwaye Jean Lanfray alichukua bunduki akamuua mkewe mjamzito pamoja na binti zao wawili wadogo. Siku hiyo alikuwa amekunywa tangu alfajiri. Alikunywa konyaki, likeri ya mnanaa, divai glasi baada ya glasi wakati wa chakula cha mchana na baada ya kazi, kahawa iliyotiwa brandi, kisha divai tena nyumbani. Alikuwa mtu wa kumaliza lita kadhaa za divai kwa siku. Absinthi alikuwa amekunywa glasi mbili tu, tena asubuhi, saa nyingi kabla ya mauaji. Mahakamani daktari wa magonjwa ya akili alieleza kwamba mtu huyu alipatwa na wazimu wa absinthi. Divai ilitoka pale bila doa.

Hili halikuwa jambo la bahati. Vaud ni jimbo la mizabibu, na mteremko wa Lavaux juu ya ziwa Geneva umelimwa zabibu kwa karne nyingi. Nani angesimama pale aseme divai ndiyo iliyoua? Ombi la kupiga absinthi marufuku lilisainiwa na makumi ya maelfu ya watu. Vaud ikaipiga marufuku mwaka 1906, Waswisi wote wakaiamulia kwa kura ya maoni tarehe 5 Julai 1908, na marufuku ikaanza kufanya kazi tarehe 7 Oktoba 1910. Marekani ikafuata mwaka 1912, na Ufaransa, ikiwa vitani, mwezi Machi 1915.

Ushahidi wa kisayansi uliosimama nyuma ya haya yote ulikuwa dhaifu kuliko kesi yenyewe. Valentin Magnan, daktari wa hospitali ya Sainte-Anne mjini Paris, aliwapa simbilisi na wanyama wengine mafuta halisi ya pakanga, akawaona wakipata degedege. Wale waliopewa alkoholi walilewa tu. Akahitimisha kwamba absinthi ina ugonjwa wake wa pekee, tofauti na ulevi wa kawaida. Lakini hakuna mtu aliyewahi kukaa mkahawani Paris akanywa mafuta halisi ya pakanga. Mafuta ya karafuu nayo, akipewa mtoto kwa kiasi kikubwa, yanaweza kumfikisha hospitali, na bado karafuu imo kwenye pilau ya kila harusi. Kumpa mnyama mafuta matupu kisha kuihukumu pombe iliyokenekwa kwa mimea michache ndani ya lita nyingi ni kosa la kipimo, na kosa hilo lilipewa heshima ya sayansi kwa miongo mingi.

Kemikali ya pakanga inayotuhumiwa ni tujoni. Ni kweli kwamba tujoni nyingi huzuia kazi ya vipokezi fulani vya ubongo na kuleta degedege. Uwezo wa kuonyesha njozi haukuwahi kuthibitishwa. Katika miaka ya 1970 wanasayansi fulani walidhani inafanana na kiini cha bangi, na vipimo vya mwaka 1999 vikaonyesha kwamba dhana hiyo haina msingi. Mwaka 1989 makala moja mashuhuri nchini Marekani ilikadiria kwamba absinthi ya zamani ilikuwa na tujoni miligramu 260 katika kila lita. Yalikuwa makadirio ya kwenye karatasi, na yakaaminiwa kana kwamba yamepimwa. Kisha ikaja mwaka 2008, ambapo wanakemia wakiongozwa na Dirk Lachenmeier wa Ujerumani walifungua chupa 13 za kabla ya marufuku zilizokuwa hazijawahi kufunguliwa, wakazipima. Walikuta tujoni kati ya miligramu 0.5 na 48.3 kwa lita, na wastani wa miligramu 25.4. Sheria ya leo ya Umoja wa Ulaya inaruhusu hadi miligramu 35 kwa kilo. Kwa maneno mengine, sehemu ya ile absinthi iliyoogopwa ingeweza kuuzwa dukani leo bila mkaguzi kunyanyua kalamu.

Fanya hesabu mwenyewe. Kipimo cha kawaida cha kumimina ni mililita 30. Ukiimimina ile iliyokuwa na tujoni nyingi kuliko zote, unapata miligramu moja na nusu hivi ya tujoni. Kama absinthi hiyo ina nguvu ya asilimia 70, ndani ya kipimo hicho hicho mna mililita 21 za alkoholi tupu. Mtu anayetaka kufikia kiwango cha tujoni cha kumdhuru atakuwa ameuawa na alkoholi muda mrefu kabla ya kufika.

Kwa nini basi dunia nzima iliamini? Jibu limo kwenye mashamba. Kuanzia miaka ya 1860 mdudu filoksera aliila mizizi ya mizabibu ya Ufaransa, divai ikawa adimu na ghali, na wanywaji wakahamia absinthi, ambayo ingeweza kutengenezwa kwa alkoholi ya bei nafuu ya viazi sukari. Ufaransa ilikunywa lita 700,000 hivi mwaka 1874. Kufikia mwaka 1910 ilikuwa ikinywa lita milioni 36. Mizabibu ilipopona, wakulima wake walikuta soko limechukuliwa. Mwaka 1907 walikutana Trocadéro mjini Paris pamoja na wapinga ulevi, wakaitetea divai kuwa kinywaji cha afya na kuilaani absinthi kuwa sumu. Vyama vya kupinga ulevi vikaungana na wauza divai! Muungano huo peke yake ulipaswa kumshtua kila mwenye akili.

Na ni lazima tuseme ukweli wote: absinthi ya bei rahisi ya miaka ile ilikuwa chafu. Wako waliochanganya mafuta ya mimea na alkoholi mbovu bila kukeneka chochote, wakatia chumvi za shaba ili kupata kijani, na kloridi ya antimoni ili maji yakiingia kinywaji kibadilike kuwa cheupe kama ile ya kweli. Maskini wa Paris waliumwa na vitu hivi. Hawakuumwa na pakanga. Dawa ya ulaghai ni kumkamata mlaghai, na serikali zikachagua kuichoma kazi ya mtengenezaji mwaminifu.

Tena Ulaya haikuwa ya kwanza. Moja ya marufuku za mwanzo kabisa ilitolewa mwaka 1898 katika Dola Huru ya Kongo, mali binafsi ya Mfalme Leopold II. Watu wa Kongo wanajua vizuri serikali hiyo ilikuwa ikifanya nini miaka ile kwa ajili ya mpira, na wanaijua mikono ya watu iliyokatwa. Utawala uliojitwika kuilinda jamii dhidi ya mmea wa Ulaya ndio huo. Kila ninaposikia kwamba marufuku za absinthi zilitokana na huruma kwa binadamu, nakumbuka Kongo.

Basi tuje kwenye kinywaji chenyewe, maana anayekitetea bila kukieleza hajakitetea. Absinthi ilizaliwa katika bonde la Val-de-Travers, jimbo la Neuchâtel, Uswisi, mwishoni mwa karne ya 18. Henri-Louis Pernod alifanya kazi na baba mkwe wake, Dubied, kijijini Couvet, kisha mwaka 1805 akavuka mpaka na kufungua kiwanda chake Pontarlier, Ufaransa. Askari wa Kifaransa waliopelekwa Algeria kuanzia miaka ya 1830 walipewa absinthi kwa imani kwamba itawakinga na homa, wakarudi nyumbani wameizoea. (Pakanga hiyo si dawa ya malaria. Ndugu yake wa ukoo, Artemisia annua, ambaye amelimwa pia kwenye nyanda za juu za Tanzania na Kenya, ndiye anayetoa kiini cha dawa mseto tunayowapa watoto wetu. Ukoo uleule, na hakuna aliyewahi kumtuhumu ndugu huyu wazimu.)

Kitabu cha Duplais, ambacho wakenekaji wa karne ya 19 walikitegemea, kinatoa kanuni ya Pontarlier: kilo mbili na nusu za pakanga kavu, kilo tano za anisi, kilo tano za shamari, na lita 95 za alkoholi ya asilimia 85. Isome tena kanuni hiyo. Anisi na shamari kwa pamoja ni mara nne ya pakanga. Kinywaji kilichochukua jina la mmea mchungu kimejengwa juu ya mbegu tamu, na pakanga kazi yake ni kuzishika zisilegee, kuzipa uti wa mgongo na harufu ya milimani.

Mimea hulowekwa ndani ya alkoholi kwa saa nyingi, kisha maji huongezwa na mtambo wa shaba huwashwa kwa moto mdogo. Mvuke unapanda, unapoozwa, unadondoka ukiwa maji meupe. Mkenekaji hutenga kile kinachotoka mwanzo na kile kinachotoka mwisho, akabaki na moyo wa katikati. Hapo ndipo ustadi ulipo, na haupo kwenye karatasi. Ukikimbiza moto, unapata harufu ya majani yaliyopikwa. Ukichelewa kukata mwisho, ladha inakuwa nzito na yenye uvundo. Jambo kubwa kuliko yote ni kwamba absinthini, ule uchungu mkali wa pakanga, haipandi na mvuke. Inabaki chini ya mtambo. Msomaji wa Biblia analijua jina la pakanga kwa uchungu tu, tangu Ufunuo, na ndiyo maana wengi hushangaa wanapoonja absinthi iliyokenekwa vizuri: ni laini, ina ubaridi kama wa mnanaa, ina maua. Chupa chungu ya kuchoma koo ni ushahidi kwamba mtu aliloweka majani, akachuja, akauza. Hakukeneka.

Rangi huja baadaye. Maji yale meupe yanarudishwa kwenye chombo pamoja na pakanga ndogo, hisopo na melisa, yanapashwa moto taratibu, na majani yanatoa klorofili na harufu ya mwisho. Kijani hiki kina uhai. Kikikaa miaka, au kikiachwa kwenye mwanga, kinageuka rangi ya jani lililokauka, na wajuzi hawakilaumu kwa hilo. Kijani kisichobadilika milele kimetoka kiwandani. Huko Val-de-Travers wengi huiacha bila rangi kabisa.

Sasa glasi. Mimina mililita 30. Chukua maji baridi sana, yaliyopozwa kwa barafu, na uyadondoshe tone kwa tone. Anetoli, mafuta ya anisi na shamari, huyeyuka kwenye alkoholi lakini haiyeyuki kwenye maji. Maji yanapozidi, mafuta hayo yanajitenga kuwa matone madogo mno yasiyoonekana kwa jicho, na mwanga unapopita unatawanyika. Glasi inaanza kutengeneza ukungu kutoka chini, ukungu unapanda, kijani kinakuwa maziwa yenye kivuli cha lulu. Uzo wa Wagiriki na araki ya Lebanoni hufanya hivyo pia, kwa sababu ile ile. Lakini macho si kitu mbele ya pua. Kadiri maji yanavyoingia, harufu zinafunguka moja baada ya nyingine: kwanza anisi, kisha majani, kisha ile pakanga yenyewe kama nyasi za mlimani baada ya mvua. Ukimimina maji yote kwa pupa, zinatoka pamoja na kupotea pamoja. Ndiyo maana wazee wa Pontarlier walikuwa na birika zenye bomba ndogo za kudondosha maji. Hazikuwa mapambo.

Sukari si lazima. Zamani iliwekwa kwenye kijiko chenye matundu juu ya glasi ili maji yapite ndani yake, na anayependa na aitumie. Kwa absinthi nzuri mimi naiona inaziba mlango. Maji yawe mara tatu hadi mara tano ya pombe. Ukiweka mililita 120 za maji kwenye mililita 30 za absinthi ya asilimia 68, unapata kinywaji cha asilimia 13 na kitu, yaani nguvu ya divai. Hii ndiyo ile pombe ya kutisha, ikinywewa kama walioibuni walivyokusudia.

Moto hauna nafasi hapa. Haupo kwenye picha wala maandishi ya karne ya 19. Uliletwa kwenye baa za Kicheki katika miaka ya 1990, kwa sababu kinywaji kilichouzwa pale kwa jina la absinthi kilikuwa na anisi kidogo mno kiasi kwamba maji hayakukibadilisha rangi. Absinthi isiyogeuka maziwa ni pilau isiyo na bizari, na muuzaji alihitaji kitu kingine cha kutazamwa. Moto unaunguza harufu zile nyepesi ambazo mkenekaji alitumia siku nzima kuzikusanya, na unabaki na ladha ya sukari iliyoungua juu ya pombe kali ya vuguvugu. Anayekuuzia hivyo anakuibia mara mbili, pesa na kinywaji.

Ushahidi mkubwa kuliko wote umetoka Val-de-Travers kwenyewe. Kwa karibu miaka 95, kutoka 1910 hadi Machi 1, 2005, watu wa bonde lile waliendelea kukeneka kwa siri, jikoni na kwenye mabanda, absinthi isiyo na rangi waliyoiita La Bleue. Baba alimfundisha mwana, mama alimfundisha binti, faini zikalipwa, mitambo ikakamatwa na mingine ikafichwa. Mwaka 1983 Rais François Mitterrand alipozuru Neuchâtel aliandaliwa kitindamlo kilichotiwa absinthi, na mwenye mkahawa akaishia mbele ya sheria. Vizazi vitatu au vinne vilikunywa kitu kile kile kilichosemwa kinavuruga akili. Kama tuhuma zingekuwa kweli, bonde lile lingekuwa hospitali ya wendawazimu. Leo kijijini Môtiers, jengo ambamo wakenekaji wa siri walikuwa wakihukumiwa limekuwa makumbusho ya absinthi.

Najua pingamizi moja ambalo lina uzito. Mtu ataniambia: wewe unapamba pombe. Iwe pakanga au iwe zabibu, alkoholi inaua, na kuisafishia jina absinthi ni kuwafungulia watu mlango. Nalichukua pingamizi hili kwa dhati. Absinthi ya asilimia 68 ni pombe kali kuliko nyingi zinazouzwa madukani, na mtu anayeinywa bila maji, glasi baada ya glasi, atadhurika. Wengi walidhurika. Msomaji ambaye dini yake imemkataza pombe hana sababu ya kuigusa, na makala haya hayamwiti kuigusa. Lakini tazama hekaya ya wazimu ilivyowafanyia walevi wa Ufaransa: iliwapa adui wa kijani wa kuchukia, ikaiacha divai mezani. Baada ya 1915 Wafaransa hawakuacha kunywa. Walihamia kwenye divai na vinywaji vingine vya anisi, na mwaka 1932 Paul Ricard akaanza kuuza pastisi yake Marseille. Kama nia ilikuwa kupunguza ulevi, ilipaswa kusemwa wazi kwamba tatizo ni alkoholi na kiasi chake. Hilo halikusemwa, kwa kuwa lingewagusa wenye mizabibu.

Na kosa lile lile limo kwenye sheria ya leo. Uswisi ilipofungua tena milango mwaka 2005 ilitaka absinthi iwe imekenekwa, na rangi yake, kama ipo, itoke kwenye mimea. Huo ndio ulinzi unaostahili, na jina Absinthe de Pontarlier nalo limelindwa Ulaya tangu 2019. Lakini mwaka 2013 Bunge la Ulaya lilikataa pendekezo la kuipa absinthi maana ya kisheria kwa nchi zote za Umoja huo. Matokeo yake, mkaguzi anapima tujoni kwa miligramu, akiogopa mzimu wa mwaka 1905, na hamuulizi mtengenezaji kama ana mtambo, kama alinunua anisi, au kama kile kijani kimetoka kwenye hisopo au kwenye pipa la rangi. Mtu anaweza kuchukua alkoholi tupu, akatia rangi na mafuta ya viwandani, akaiita absinthi, na sheria ikampisha mradi tujoni haijazidi. Nje ya jina hilo la Pontarlier, anayetaka kununua chupa ya kweli Paris au Brussels leo hana msaada wa sheria, inabidi asome lebo mwenyewe: atafute kwamba imekenekwa, kwamba haina rangi ya kuongezwa, na aiache rafuni kila chupa inayojisifu kwa wingi wa tujoni.